Presha ya oili kwenye injini iliyochoka: pima kwanza, fungua baadaye

Gari limetoka kwenye foleni ya saa nzima, injini imepata moto sawasawa, dereva anasimama kwenye mataa na ile taa nyekundu yenye umbo la birika inaanza kukonyeza kwenye dashibodi. Akigusa akselereta, inazima. Akiachia, inarudi. Asubuhi injini ilipokuwa baridi haikuonekana kabisa. Magari mengi ya mtumba yaliyokwisha kutembea kilomita laki mbili na kuendelea hufika gereji yakiwa na dalili hii, na ndiyo inayouza pampu nyingi za oili ambazo hazikuwa na kazi ya kufanya.

Pampu huwa ya kwanza kulaumiwa kwa sababu jina lake linafanana na tatizo. Lakini kwenye injini iliyotumika kwa miaka mingi, pampu iliyokufa peke yake bila kitu kingine kuchakaa si jambo la kawaida. Yenyewe ndiyo inayopata oili ya kwanza na kwa wingi, kwa hiyo huchakaa taratibu kuliko vile inavyovilisha. Anayetaka kujua kama kweli imekwisha anahitaji kwanza kuelewa presha inatoka wapi.

Pampu haitengenezi presha

Kazi ya pampu ni kusukuma kiasi fulani cha oili kwa kila mzunguko wa krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, basi. Presha inazaliwa pale oili hiyo inapolazimishwa kutokea kwenye njia nyembamba. Fikiria nyumba ya ghorofa yenye pampu ya maji: bomba za chini zikiwa zimefungwa vizuri, bafu la juu linapata maji ya nguvu. Mtu akiacha bomba zote za chini wazi, bafu la juu linadondosha matone, na pampu ni ileile. Ndani ya injini, bomba za chini ni nafasi zilizopo kati ya krenki na beringi zake, na kati ya konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na beringi zake. Bafu la juu ni silinda hedi, ambako kamshafti, shafti inayofungua valvu, inasubiri zamu yake mwisho wa mstari.

Beringi hizi si zile za gololi. Ni vipande viwili vya bati jembamba vilivyopakwa madini laini, vinavyoikumbatia shingo ya krenki bila kuigusa, kwa sababu katikati yake kuna utando wa oili. Mwanya wa oili kwenye injini ndogo ya Toyota ikiwa mpya ni kama milimita 0.02 hadi 0.05, yaani mwembamba kuliko unywele. Kiwanda huruhusu uchakavu hadi karibu 0.08 kwa konrodi na 0.10 kwa krenki, kutegemea injini. Namba hizo zinaonekana kama si kitu, ila oili inayovuja kwenye mwanya wa namna hii huongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana wake: mwanya ukizidi mara mbili, oili inayopotea huzidi karibu mara nane. Ndiyo maana injini inaweza kuonekana nzima kwa miaka, kisha presha ikashuka ndani ya miezi michache.

Kitu cha pili ni uzito wa oili yenyewe. Oili ya 15W-40 ikiwa na joto la nyuzi 100 huwa nyepesi mara saba au nane kuliko ilivyokuwa kwenye nyuzi 40. Cha tatu ni mwendo: pampu inayozungushwa na krenki moja kwa moja, kwenye sailensa (injini ikinguruma bila akselereta kuguswa) ya mizunguko 700 kwa dakika, husukuma chini ya robo ya ile inayosukuma kwenye 3,000. Weka mambo hayo matatu pamoja, yaani mianya iliyotanuka, oili iliyoyeyuka kwa joto na pampu inayozunguka polepole, utaona kwa nini taa huwaka kwenye mataa baada ya foleni na si saa kumi na mbili asubuhi.

Namba ipi ni mbaya?

Hapa watu wengi hutishwa bure. Kuna kanuni inayozunguka mitandaoni kwamba kila mizunguko 1,000 lazima iwe na psi 10 (psi ni kipimo cha presha). Kanuni hiyo ilitoka kwa wachezea injini kubwa za V8 za Marekani, nayo ni nzuri kwa injini ya mashindano. Vitabu vya Toyota kwa injini ndogo kama 5A-FE au 1NZ-FE, zile zilizojaa kwenye Corolla, Vitz, IST na Probox za barabara zetu, vinasema kitu kingine: kwenye sailensa, injini ikiwa na moto, presha iwe kPa 29 au zaidi. Hiyo ni bar 0.3, au psi 4.3 tu. Kwenye mizunguko 3,000 kiwango kinatofautiana kwa kila injini. Kwa familia ya A, kama hiyo 5A-FE, ni kama bar 2.5 hadi 5, yaani psi 36 hadi 71. (Bar moja ni psi 14.5, na ni kPa 100.)

Kwa hiyo injini inayoonyesha psi 8 kwenye sailensa ya moto na psi 40 kwenye 3,000 haiumwi, hata kama mwenye gari hapendi kuona 8. Ila geuza hoja hiyo: swichi inayowasha taa nyekundu nayo imepangwa kufanya kazi karibu na bar 0.3 hadi 0.5. Taa ikiwaka ukiwa kasi ya 80 barabarani haina maana ya presha kupungua kidogo. Ina maana karibu hakuna presha kabisa. Weka gari pembeni na uzime injini hapohapo, bila kutafuta kituo cha mafuta kilicho mbele. Beringi zisizo na oili kwenye mwendo huo hazina dakika nyingi.

Kabla ya kugusa spana

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika tano hadi kumi ili oili irudi chini, kisha chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Kati ya alama ya chini na ya juu mara nyingi kuna lita moja au zaidi kidogo. 1NZ-FE inabeba lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo kijiti kikisoma chini kabisa ya alama, zaidi ya robo ya oili yote imeshapotea. Taa inayowaka ukikata kona au ukifunga breki kwa ghafla, halafu inazima, karibu kila mara inasema hivyo: oili imekimbilia upande mmoja na mdomo wa kunyonyea umebaki hewani.

Usiishie kwenye kimo. Nusa kijiti. Harufu kali ya petroli inamaanisha oili imechanganyika na mafuta, na oili iliyochanganyika na mafuta ni nyepesi hata iwe imeandikwa 20W-50 kwenye kopo. Sababu zake ni injekta inayovuja, plagi isiyochoma, au injini ambayo haifiki joto lake. Hili la mwisho ni ugonjwa wetu wenyewe: gari likichemsha mara moja, mtu anatoa thamostati na kuitupa, na kuanzia siku hiyo injini inatembea baridi. Petroli haiunguzwi yote, mvuke wa maji haukauki ndani ya injini, na baada ya mwaka mmoja au miwili chini ya kifuniko cha valvu kuna tope jeusi zito kama grisi. Tope hilo ndilo linalokwenda kuziba chujio la sampo, yaani karai la chini ya injini linalokusanya oili. Aliyetoa thamostati alidhani anaokoa injini.

Kimo kikiwa kinapanda chenyewe bila kuongeza oili, kuna mafuta au maji yanayoingia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji, na hapo tafuta gasketi ya silinda hedi kabla ya kufikiria presha. Kimo kikizidi sana alama ya juu nako ni kosa: krenki inaipiga oili kama mwiko kwenye uji, inajaa mapovu, na pampu ikinyonya mapovu presha inayumba.

Kisha jiulize ni oili gani iliyomo na filta gani iliyofungwa. Filta ya bei ya kutupa inaweza kukosa ile raba ya ndani inayozuia oili kurudi chini injini inapozimwa. Dalili yake ni taa kukaa sekunde tatu hadi tano kila asubuhi kabla ya kuzima, pamoja na mlio mkavu wa tapeti. Badilisha oili na filta, weka daraja linaloandikwa kwenye kitabu cha gari, tembea siku mbili, angalia tena. Ni hatua ya bei ndogo na inamaliza kesi nyingi kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Waya mmoja unaodanganya

Swichi ya oili kwenye magari mengi ya Kijapani ina waya mmoja. Isipokuwa na presha, inaunganisha waya huo na bodi ya injini na taa inawaka. Presha ikipanda, inakata. Kutokana na hapo kuna majaribio mawili ya dakika moja. Washa switi ya ufunguo bila kupiga starta: taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua, au kuna mtu ameshughulika nayo. Wauzaji wasio waaminifu huichomoa, au huiunganisha na taa ya chaji ili iwake na kuzima pamoja nayo, na mnunuzi haoni tofauti. Jaribio la pili: switi ikiwa imewashwa, chomoa waya wa swichi ya oili na uushike mbali na chuma. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Injini haina hatia.

Swichi yenyewe huzeeka. Ukikuta soketi yake imelowa oili ndani, imevuja na inaweza kuwasha taa ovyo. Bei yake ni ndogo, lakini kuibadilisha si kipimo. Ukifunga mpya na taa ikazima, huenda mpya imepangwa kuzima kwenye presha ya chini kuliko ya zamani. Ushahidi unatoka kwenye geji ya sindano peke yake.

Kufunga geji

Unahitaji geji ya kusoma 0 hadi 100 psi, yaani 0 hadi 7 bar, yenye mpira wake na nipeli ya kuingia pale swichi inapokaa. Hapo kwenye nipeli ndipo watu huharibu blok. Toyota wanatumia uzi wa BSPT wa inchi 1/8, magari mengi ya Marekani hutumia NPT wa 1/8, na ya Ulaya mara nyingi ni M10 kwa 1. BSPT ina meno 28 kwa inchi na NPT ina 27, kwa hiyo nipeli isiyo yake inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri kabisa, halafu inakaza na kula uzi wa alumini. Nipeli isipoingia kwa vidole kwa mizunguko kadhaa, si yake. Usizungushie mkanda mweupe wa mafundi bomba: kipande kikikatika kinaingia kwenye mfereji wa oili na safari yake inaishia kwenye tundu la beringi au la hedi. Gundi kidogo ya uzi, ukiacha meno mawili ya mbele makavu, inatosha.

Piga starta injini ikiwa baridi na uandike namba. Kisha endesha gari nusu saa ya kweli, na mpira wa geji uwe umefungwa mbali na mkanda na ekzosi. Usitegemee saa ya joto la maji, maana maji hufika nyuzi 85 au 90 mapema na oili huchelewa nyuma yake kwa dakika kumi au zaidi. Geji iliyosomwa baada ya dakika tano za kunguruma gereji itakupa namba nzuri za uongo. Ukirudi, soma kwenye sailensa, kwenye 1,000, 2,000 na 3,000, halafu rudi sailensa usome tena. Namba sita kwenye karatasi, pamoja na aina ya oili iliyomo. Mwezi ujao karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya fundi yeyote.

Sindano inasema nini

Sindano ikiwa chini kwenye sailensa ya moto lakini inapanda vizuri kadiri mizunguko inavyoongezeka, hadi kufika kiwango kwenye 3,000, pampu inafanya kazi yake. Kinachovuja ni mianya, au oili ni nyepesi mno. Oili ikishabadilishwa na hali ikabaki ileile, ni beringi.

Ikiwa chini kila mahali, baridi na moto, sailensa na resi, shaka inahamia upande wa kunyonya na kusukuma: chujio lililoziba, valvu ya kupunguza presha iliyokwama wazi, au pampu yenyewe. Baridi ndiyo inayotenganisha. Injini yenye beringi zilizochakaa tu huwa na presha nzuri ikiwa baridi, kwa kuwa oili nzito haivuji haraka. Pampu mbovu au valvu iliyokwama haijali baridi.

Mtindo unaopotosha wengi ni huu: sailensa nzuri, 1,500 nzuri, kisha ukipandisha hadi 3,000 sindano inasimama au inashuka. Pampu inataka oili nyingi kuliko chujio linavyoweza kupitisha. Ni mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija, kadiri anavyovuta kwa nguvu ndivyo mrija unavyojikunja. Hapo sampo inashuka, na usinunue chochote kabla haijashuka.

Sindano inayotetemeka inaonyesha hewa: oili pungufu, au gasketi ama oringi ya bomba la kunyonyea imekauka na kupasuka. Na sindano inayopita psi 100 asubuhi si habari njema vilevile. Valvu imekwama imefungwa, na siku moja itapasua filta au sili yake.

Chini ya sampo

Mwaga oili ikiwa vuguvugu kwenye chombo kisafi na upitishe sumaku taratibu. Vumbi la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida kwa umri. Vipande vyenye kung'aa visivyonata kwenye sumaku ni madini ya beringi, na vya rangi ya shaba vinasema tabaka la juu limekwisha, limefika la chini. Kata pia filta ya zamani, kunjua karatasi yake juani. Takataka za mwezi mzima zimo humo.

Sampo ikitoka, chujio la kunyonyea liko mbele ya macho yako. Linaweza kuwa na tope, vipande vya plastiki vya kiongoza cheni ya taimingi, na mara nyingi kuliko inavyostahili, minyoo ya silikoni. Fundi aliyetangulia alipaka gasketi meka nene kama anapaka siagi, iliyobaki ikaminyika ndani, ikakauka, ikakatika na kunyonywa. Mstari wa milimita tatu unatosha, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Bolti za sampo ni ndogo, nyingi ni za spana namba 10, na zinataka nguvu ya kiganja tu. Kwa 1NZ-FE ni kama Nm 9. Ukizikaza kama nati za tairi, bati linapinda na gasketi haitashika tena.

Safisha chujio kwa petroli au kisafishio cha breki hadi uone mwanga kupita wavu wote, na badilisha gasketi au oringi ya bomba lake hata kama inaonekana nzima. Neno moja kuhusu desturi ya kumimina dizeli au mafuta ya taa ndani ya injini, kuinguruma dakika kumi na kumwaga. Kwenye injini safi haina faida. Kwenye injini yenye tope, inabandua mabonge yaliyokuwa yamekaa kimya na kuyapeleka yote kwenye chujio kwa mkupuo, huku beringi zikizunguka kwenye kitu ambacho si kilainishi. Tope linaondolewa kwa mkono, sampo na kifuniko cha valvu vikiwa nje.

Valvu na pampu

Valvu ya kupunguza presha ni pistoni ndogo na springi yake, ndani ya nyumba ya pampu. Chembe moja ya chuma inatosha kuikwamisha. Kipimo chake ni cha kitabu na hakihitaji mashine: ipake oili, iweke kwenye tundu lake, iteremke yenyewe kwa uzito wake bila kusita. Ikisita, ina mikwaruzo. Watu huongeza washa nyuma ya springi ili kupandisha presha. Washa hiyo inapandisha kilele tu, yaani presha ya juu kwenye resi. Kwenye sailensa valvu nzima imefungwa muda wote, kwa hiyo washa haigusi tatizo.

Kwenye 5A-FE pampu iko mbele ya blok nyuma ya mkanda wa taimingi. Kwenye 1NZ-FE imo ndani ya kava ya cheni. Zote mbili ni kazi ya siku nzima, na ndiyo sababu ya kutozianza kwa kubahatisha. Ukishaitoa, pima kwa fila geji na rula iliyonyooka. Kwa pampu ya familia ya A, mwanya kati ya rota ya nje na nyumba usizidi kama 0.20 mm, na ule wa juu ya rota, chini ya rula, usizidi 0.10. Injini nyingine zina namba zake. Mikwaruzo mirefu inayoshikwa na ukucha kwenye nyumba au kifuniko inatosha kuihukumu bila hata kupima.

Beringi

Karatasi yako ikionyesha sailensa mbovu na resi nzuri, na sampo iko chini tayari, angalia beringi za konrodi bila kushusha injini. Sikiliza pia: konrodi iliyolegea hugonga kwa mlio mkali wa haraka, unaosikika zaidi unapoachia akselereta karibu na mizunguko 2,000, beringi kubwa za krenki hutoa mdundo mzito wa chini injini inapobeba mzigo mlimani. Ikishafika kugonga, mjadala wa oili gani iwekwe umekwisha.

Fungua kifuniko kimoja cha konrodi, ukiwa umeweka alama ya namba na upande, maana vifuniko havibadilishani. Futa oili yote. Weka kipande cha plastigeji, ule uzi laini wa plastiki, kwenye shingo ya krenki, rudisha kifuniko, kaza kwa toki renchi hadi kipimo cha kitabu, na usizungushe krenki hata kidogo. Fungua tena na ulinganishe upana wa uzi uliobanwa na mistari ya kwenye paketi. Uzi mpana, mwanya mdogo. Uzi mwembamba, mwanya mkubwa. Mwanya ukipita kikomo, swali linalofuata ni nani aliyelika, beringi au krenki?

Swali hilo linajibiwa kwa maikromita, si kwa jicho. Pima shingo sehemu mbili kwa urefu, na kila sehemu kwa pande mbili za msalaba. Tofauti ikizidi 0.02 mm, shingo imekuwa yai, na beringi mpya za standadi zitakaa wiki chache. Krenki iende kuchongwa na beringi ziwe za 0.25 au 0.50 kulingana na mchongaji alivyopunguza. Asikuuzie mtu beringi kabla krenki haijatoka mashineni. Ikirudi, pitisha waya na petroli ya nguvu kwenye matundu yake yote ya oili, kwa sababu vumbi la jiwe la kuchongea hujificha humo na litasaga beringi mpya siku ya kwanza.

Shingo ikiwa bado mviringo na laini, beringi mpya za saizi ileile zinarudisha presha kwa gharama ndogo sana. Angalia namba au rangi za daraja zilizogongwa kwenye krenki na blok, kwani Toyota wana standadi zaidi ya moja na tofauti yake ni ya elfu chache za milimita. Usisahau kamshafti huko juu. Hedi iliyowahi kuchemka na kupindika hula vikalio vya kamshafti, na hapo unaweza kufunga krenki mpya kabisa na bado bafu la juu likabaki wazi.

Vipi kuhusu oili nzito?

Inafanya kazi, na ndiyo shida yake. Kwenye nyuzi 100, daraja la 30 lina mnato wa sentistoki kati ya 9.3 na 12.5, la 40 linaanzia hapo hadi 16.3, na la 50 kutoka 16.3 hadi 21.9. Ukihama kutoka 5W-30 kwenda 20W-50 sindano lazima ipande. Gari la zamani kama lenye 5A-FE au 2E, linalotembea Dar es Salaam au Mombasa, linaweza kuishi na 15W-40 au 20W-50 bila ugomvi. Joto la huko linaruhusu na vitabu vya wakati huo viliruhusu. 1NZ-FE ni habari nyingine. VVT-i yake, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, inaongozwa na oili inayopita kwenye valvu yenye wavu mdogo, na oili nzito ya asubuhi ya Limuru au Mbeya inachelewa kufika huko na kwenye kamshafti. Kwa injini hiyo, hatua moja, kutoka 30 hadi 40, ndiyo mpaka wa busara.

Kumbuka pia kwamba sindano inapima msukumo, haipimi wingi. Beringi hupozwa na oili inayopita ndani yake, na oili nzito hupita kidogo. Kama mwanya umeshavuka kikomo, 20W-50 inanunua muda wa kukusanya pesa za krenki. Kwa gari linalouzwa kesho inanunua kitu kingine, na ndiyo maana ukikagua gari la mtumba uliza oili iliyomo, na usikubali kulikuta tayari limewashwa. Lipashe moto wewe mwenyewe.

Baada ya kufunga

Pampu iliyofunguliwa ikarudishwa kavu haitanyonya. Jaza nyumba yake oili au vaselini ya kawaida unapoifunga, jaza filta nusu kama inakaa wima, na paka oili kila beringi. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa injekta za petroli) ili injini isiwake, kisha piga starta kwa vipindi vya sekunde kumi, ukipumzisha katikati, hadi taa izime au sindano iinuke. Ndipo urudishe fyuzi na kuwasha, bila kupiga resi.

Mwaga oili hiyo ya kwanza baada ya kilomita 500 pamoja na filta, ikate uangalie. Funga tena geji, tembea nusu saa, andika namba zile sita pembeni ya zile za zamani, na uache karatasi kwenye droo ya gari.